Herufi Tatu kwenye Fulana Mia Mbili

Jumatatu, 6 Mei 1974

Siku kubwa. Ateliye imepata kazi yake ya kwanza tangu iwe yangu. Fulana mia mbili za maandamano ya tarehe ishirini, sikukuu ya Chama. Maneno yametoka ofisini kwa Komisere mwenyewe, mkuu wa serikali hapa Kindu: CHAMA KINATULISHA. Chini yake mkono ulioshika mwenge. Rangi ya kijani.

Niandike, kwa ajili ya wajukuu, jinsi nilivyoipata ateliye hii. Serikali ilipochukua biashara za wageni na kuzigawa kwa wananchi, mimi nilikuwa karani wa mizigo pale gare, stesheni ya treni. Niliomba kiwanda cha mikate. Akapewa Gérard, mfanyabiashara wa Butembo mwenye kamio mbili za kubebea mizigo. (Karatasi zake sasa zinasema Kambale, maana majina ya kizungu yamekatazwa, lakini Kindu nzima bado inamwita Gérard.) Mimi nikapewa ateliye ya Mgiriki, ya kuchapa maandishi kwenye nguo. Sababu ni kwamba katika mikutano hakuna anayenizidi kupiga makofi. Kuchapa sijawahi. Lakini miaka mingi nilipita dirishani kwa Mgiriki nikiwaona wanafanya kazi, na haikuonekana ngumu.

Asubuhi alikuja Émilienne, mwanamke aliyefanya kazi na Mgiriki miaka kumi na miwili. Alisema dawa ya kuchapia iliyobaki ni kidogo, fremu ni sita tu, na kazi hii inataka mtu aliyeizoea. Yuko tayari kuanza leo. Nilimweleza kwamba enzi ya kutumwa na wageni imekwisha, sasa ana uhuru wa kukaa nyumbani. Alinitazama kidogo. Akachukua aproni yake msumarini, akaondoka.

Alasiri akapita Gérard, unga kwenye nyusi. Amesikia habari za fulana. Anaye rafiki Bukavu anayeweza kuzichapa kwa siku tatu, endapo nitashindwa. Nikamwambia aangalie hamira yake.

Jumanne, 7 Mei

Kazi yenyewe iko hivi. Kuna fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa cha hariri. Unakipaka dawa ya njano, unaacha ikauke. Juu yake unaweka plastiki yenye herufi nyeusi, halafu kioo, unaitoa nje juani. Panapopigwa na jua, dawa inakuwa ngumu. Chini ya herufi inabaki laini, unamwaga maji, inatoka, na wino unapita hapo. Basi. Huo ndio ujanja wa miaka kumi na miwili.

Émilienne alikuwa akiikausha dawa chumba cha nyuma, gizani, saa nzima. Uvivu wa kikoloni. Mimi nimeipaka uani, saa sita mchana, jua la utosi. Ilikauka kwa dakika kumi! Nikaweka herufi, nikaweka kioo, nikangoja. Nikamwaga maji.

Hakuna herufi iliyotoka. Ndoo nne. Nikasugua kwa burashi ya viatu, kisha kwa burashi ya choo. Dawa imekuwa ngumu kote, kama sufuria. Mwishowe burashi ikatokea upande wa pili.

Fremu zimebaki tano. Nadhani Mgiriki aliiharibu dawa makusudi kabla ya kuondoka.

Jumatano, 8 Mei

Nimetafakari. Labda giza lina faida yake. Sikutaka chumba cha nyuma, nisije nikaonekana nimemfuata Émilienne. Nikaikausha fremu ndani ya kabati la nguo nyumbani, katikati ya vikwembe vya mke wangu Mwanahamisi. Giza zuri. Dawa imekauka, ingawa nyingine imekaukia kwenye kikwembe chake cha harusi ya dada yake. Mstari wa njano, mpana kama kiganja.

Nje mawingu mazito, ng'ambo ya mto Lualaba haionekani. Lakini nilikumbuka Émilienne akihesabu dakika saba, nami nikahesabu saba. Nikamwaga maji. Herufi zikatoka vizuri sana. Kisha mwenge ukatoka. Kisha vilivyobaki vyote vikafuata, vikaenda mferejini rangi ya uji. Nikabaki na kitambaa safi kama cha siku ya kwanza.

Nilijifariji kwamba hii angalau haikuchanika. Nikaiegemeza ukutani, nikarudi nyuma hatua moja niitazame. Nikakanyaga nyingine.

Zimebaki nne. Mwanahamisi ameuliza kama Chama kitamlisha na vikwembe.

Ijumaa, 10 Mei

Baada ya sala nimejaribu tena. Safari hii niliiacha juani nusu saa nzima. Maji yakafanya kazi yake. Herufi zote wazi, kingo safi, mwenge na vidole vyake vitano. Karibu nilie. Nikaweka gazeti la zamani mezani, nikamimina wino, nikauvuta kwa kile kipande cha mpira chenye mpini wa mbao.

Ilisomeka AHSILUTANIK AMAHC.

Plastiki niliiweka kinyume. Nilikuwa bado naitazama pale Émilienne alipopita kwenda sokoni, beseni la samaki kichwani. Alisimama langoni, akaisoma taratibu kuanzia kulia. Nikamwambia mji huu una watu wengi waliosoma Kurani chuoni kwa maalimu, kuanzia kulia kwao si shida. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Nikaona afadhali niiondoe dawa kwa maji yanayochemka. Dawa imebaki. Kitambaa kimelegea kama chandarua cha hospitali.

Tatu.

Jumamosi, 11 Mei

Salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi. Tumefyeka majani kando ya njia ya gare, mtaa mzima, panga mkononi. Wakanipanga karibu na Gérard. Alifyeka kidogo na kusema sana. Kila aliyekaribia alisimuliwa habari za AHSILUTANIK. Sijui nani alimwambia. Kamio yake inapita mbele ya ateliye mara sita kwa siku, labda amesoma mwenyewe.

Kabla ya saa tano akaja katibu wa Komisere, kijana mwembamba, abakosti yake, ile suti isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Alinivuta pembeni. Alisema fulana ziwe tayari Ijumaa ijayo. Zisipokuwa tayari, kazi itakwenda kwa mwananchi mwenzangu, citoyen Kambale, ndiye Gérard, na ateliye itamfuata huko huko, maana biashara isiyozalisha ni hujuma. Aliyetajwa kwa hujuma mara ya mwisho, akasema, yuko gerezani na bado wanamtafutia faili.

Nilipiga makofi. Sikujua la kufanya lingine.

Jumatatu, 13 Mei

Nimekwenda sokoni. Nilimkuta Émilienne nyuma ya rundo lake la samaki wa kukausha, anawafukuzia nzi kwa ile aproni ya ateliye. Sikutaka ajue nina shida. Nikamwambia naandaa mtihani kwa wafanyakazi wangu wa baadaye, nikaanza kumtupia maswali. Mtu akipaka dawa, apake nene au nyembamba? Siku ya mawingu je? Vile vitundu vidogo vinavyobaki, vinazibwaje?

Alinisikiliza huku akimpimia mteja samaki. Kisha akasema, "Papa Bulaimu, unaniuliza ama unanipima?"

Nikasema napima. Basi akajibu yote, kama anayesoma orodha. Kwanza kitambaa kioshwe kwa sabuni kitoke mafuta. Dawa nyembamba, gizani, pasipo vumbi. Mawingu yakiwepo, dakika mara tatu. Kabla ya kuchapa, inua fremu uitazame kwa mwanga wa mbinguni. Ukiona kitundu, chovya ncha ya kijiti cha kiberiti kwenye vanishi, kizibe hicho kimoja, ungoje kikauke, uende kingine. Na fulana usiichape ya pili kabla hujaisoma ya kwanza.

Nikauliza, kwa ajili ya mtihani, je, mwenye cheo naye lazima afuate mambo hayo yote?

"Dawa haijui nani njo mukubwa," akasema. "Inajua jua na maji, basi."

Niliondoka bila kushukuru, asije akadhani amenisaidia.

Jumatano, 15 Mei

Nimeweza! Sabuni, giza la chumba cha nyuma, jua, maji. Fremu haijapata kuwa nzuri hivi. Nikachapa fulana ya kwanza, nikaisoma. CHAMA KINATULISHA. Ya pili. Ya tatu. Nimezitundika zote ukutani ili Gérard azione akipita.

Kasoro moja tu. Vitone vya kijani huku na huku, kama upele. Nilisahau kuitazama fremu kwa mwanga. Ni vile vitundu. Vanishi sina, lakini Mwanahamisi ana kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, na rangi ya kucha ni vanishi. Kuhusu kijiti cha kiberiti, kusema kweli, nilihesabu vitundu arobaini. Hiyo ni kazi ya mtu asiye na burashi. Mimi ninayo. Nimeipitisha mara mbili eneo lote lenye upele, nikaiacha fremu imesimama, nikaenda kula ugali na sombe.

Niliporudi, rangi ilikuwa imekauka. Ilikuwa imeteremka kidogo. Upele umekwisha kabisa.

Alhamisi, 16 Mei

Fulana mia moja na tisini na saba kwa siku moja. Nasimama upande wa juu wa meza, maandishi yako kichwa chini kwangu, kwa hiyo sikujichosha kusoma. Mtu haisomi sala yake kila anapoinama. Vuta, inua, anika, vuta. Mkono umevimba. Ningewaza nini, isipokuwa sura ya Gérard?

Ijumaa, 17 Mei

Katibu amekuja na gari kabla ya sala. Fulana zilikuwa zimekunjwa, maandishi ndani, zimefungwa kwa kamba, kumi kumi. Aliziona zile tatu za ukutani, akazisoma, akaridhika, akazichukua nazo. Moja ya zile za jana nimebaki nayo ya kuvaa mwenyewe. Gérard alisimamisha kamio, akaomba aione fulana moja tu. Nikamwambia kamba zimeshafungwa. Alikaa na injini ikiwaka. Hajawahi kunipendeza hivyo.

Jumapili, 19 Mei

Ya Rabi.

Mwanahamisi alikuwa anaipiga pasi fulana yangu ya kesho. Pasi ikasimama hewani. Aliisoma kwa kidole, kama asomavyo barua za mama yake.

"Chama kinatula," akasema. "Njo walikuambia uandike vile?"

Nikamwambia asome vizuri. Akaigeuza kwangu. CHAMA KINATUL, kisha pengo kama la meno, kisha A. Rangi ya kucha iliteremka juu ya I, na S, na H. Nilimwambia pengo linaonekana, kila mtu ataelewa kwamba hapo pana herufi. Akasema yeye hakuona pengo lolote. Aliona Chama kinamla.

Mia moja na tisini na saba! Na moja yao mwilini mwangu kesho!

Nilikimbia ofisini kwa Komisere. Kumefungwa, mlinzi amelala. Nikakimbia kwa Émilienne. Safari hii sikutaja mtihani. Nilikaa kwenye kigoda chake nikamweleza yote, mpaka burashi. Alihesabu kitu kwa vidole. Kisha akasema inawezekana. Fremu mbili bado ziko. Atatengeneza fremu ndogo yenye herufi tatu tu, ISH, na atazichapa kwenye pengo, fulana moja moja. Jua likikubali, kazi ya mchana mmoja. Mimi nimtafute katibu, nimwambie ukweli, nizirudishe fulana. Alikuwa tayari anaifunga aproni kiunoni.

Nilitoka kumtafuta katibu. Njia nzima nikalifikiria lile neno, ukweli. Nikafika kwake nikiwa na mpango bora zaidi.

Niliomba karatasi. Nikaandika kwamba mimi, citoyen Bulaimu, kwa moyo wa kimilitanti, napenda kumjulisha Komisere kuwa tangu siku ya kwanza kazi yote ya kiufundi ya fulana hizi, herufi kwa herufi, imefanywa na citoyenne Émilienne Feza, muuza samaki wa soko kuu. Mimi sikugusa kitu. Heshima yote ni yake. Nikaweka tarehe kumi na sita Mei, ionekane iliandikwa kabla fulana hazijatoka. Katibu akagonga muhuri.

Si kumsingizia. Ni kumtambua. Alikwisha kusema mwenyewe kwamba kazi hii inataka mtu aliyeizoea.

Sikurudi kwake. Mwanahamisi anasema Émilienne alikaa uani kwa ateliye na fremu yake tayari mpaka jua likazama.

Jumatatu, 20 Mei

Naandika mlango nimeufunga kwa komeo.

Fulana ziligawiwa saa mbili asubuhi. Mpaka saa tatu mji mzima ulikuwa umezisoma. Kila mtu alijifanya hajaona kitu. Lakini watu wakaanza kuzitaka. Wanaume wa bandarini ambao hawajaandamana tangu wazaliwe walipanga foleni. Wazee wa mtaa wetu, wanaougua kila sikukuu, walikuja wamepona. Aliyekosa fulana alimwomba mwenzake wabadilishane kwa shati zima. Maandamano yalipofika mbele ya jukwaa, watu walikuwa wanayaimba yale maneno. Yaliyoandikwa, si yaliyokusudiwa. Kwa sauti moja, machozi machoni, mikono juu. Mama mmoja alilia kabisa.

Mimi nilikuwa chini ya jukwaa, abakosti nimeifunga mpaka shingoni juu ya fulana yangu. Kulia kwangu mtu wa usalama, mzaliwa wa Kailo hapa jirani, Kiswahili ni chake, anasoma vifua vinavyopita huku midomo inacheza.

Komisere si wa huku. Ametoka mbali, chini ya mto, anasema Kilingala na Kifaransa, Kiswahili hapana. Alisimama. Alimwinamia katibu akauliza wanaimba nini. Katibu alitazama fulana. Akamtazama mtu wa usalama. Mtu wa usalama akatazama mawingu. Katibu akasema kwa Kifaransa kwamba wananchi wanasema Chama kinawalisha.

Komisere aliguswa. Alisema miezi minane hapa Kindu hajaona watu wakilisema jambo kwa moyo namna hii. Akaagiza warudie. Wakarudia mara nne. Halafu akauliza ni nani aliyezitengeneza fulana hizi.

Nilipiga hatua mbele. Katibu akafungua faili, akatoa barua yangu, akaisoma mbele ya watu wote, herufi kwa herufi.

Wakamwita Émilienne. Alipanda jukwaani na mikono yenye magamba ya samaki. Komisere akampa mkono. Akatangaza hapo hapo kwamba ateliye isikae mikononi mwa asiyeijua, apewe aliyeifanyia kazi. Watu wakashangilia. Ningeweza kupiga kelele kwamba ni yangu. Lakini ningesema nini? Kwamba barua ni ya uongo, na herufi tatu ni kazi yangu mimi? Mtu wa usalama alikuwa ananitazama kifua.

Nilipiga makofi.

Jumatano, 22 Mei

Nimekwenda kuchukua kofia yangu niliyoisahau ateliye. Émilienne alikuwa anaosha vitambaa vya fremu kwa sabuni. Katibu amemwonyesha barua. Alikausha mikono kabla ya kusema.

"Umeandika mimi njo nilifanya yote," akasema. "Basi tangu leo itakuwa kweli. Ila, Papa Bulaimu, kama wangeshika muntu siku ile, wangenishika mimi. Nina watoto wanne."

Nilitazama sakafu. Ni safi sasa.

Alinipa kofia. Akasema ametangaza mtaani watu wazirudishe fulana azitie herufi zilizokosekana, bure. Zimerudi kumi na moja. Wengine wote wanaapa zao zimeibwa. Kisha akaniambia kwamba ana kazi ya kusugua fremu, nikitaka. Alisema bila dhihaka, na hilo pia liliniuma. Nikamwambia nina mipango.

Gérard amenisimamisha njiani akaniuzia pole. Mkate alinipa, lakini wa jana.

Ijumaa, 24 Mei

Nimeitwa kwa Komisere. Nilimuaga Mwanahamisi, nikavaa soksi mbili mbili kwa ajili ya baridi ya sakafu ya gereza.

Komisere aliniketisha kwenye kiti cha wageni. Barua yangu ilikuwa mezani mbele yake. Alisema katika nchi hii kila mtu anajitwalia sifa za mwenzake, na leo amepata militanti aliyeandika kwa mkono wake kwamba heshima si yake. Mtu kama huyo hawezi kuachwa bila kitu. Studio ya foto ya yule Mbelgiji, karibu na posta, haijapata mwenyewe. Ni yangu. Na mwezi ujao mji mzima utapigwa picha za kitambulisho kipya.

Nilitaka kumwambia kwamba sijawahi kushika kamera. Mikono ikapiga makofi yenyewe.

Jumatatu, 27 Mei

Siku ya kwanza studio. Mahali pazuri, lakini pameachwa vibaya sana. Chumba cha nyuma hakina dirisha hata moja lililo wazi, yote yamepigiliwa mbao na kupakwa rangi nyeusi, na taa iliyopo ni nyekundu, kama ya baa. Mbelgiji huyu alikuwa anaficha kitu.

Yuko mfanyakazi wa zamani, Michel, amekaa hapa miaka tisa. Alinipokea kwa heshima, akaanza kunieleza habari za giza la chumba hicho na masanduku yaliyomo. Nilimwambia maelezo baadaye, kwanza tufanye usafi. Nimezing'oa mbao zote mwenyewe. Hewa imeingia, mwanga umejaa, mtu anaona anachofanya. Nimefungua masanduku yote kumi na mawili ya karatasi za picha, ambayo yalikuwa yamefungwa ndani ya karatasi nyeusi, safu mbili mbili, utadhani dhahabu. Unyevu mtupu. Nimezianika uani juani, moja moja, na vijiwe juu zisipeperuke.

Zilikuwa nyeupe. Kufikia saa sita zimeanza kuwa rangi ya zambarau, nzuri sana, zote kwa pamoja. Karatasi hafifu isingeweza kubadilika hivyo.

Michel amekaa kwenye ngazi, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nafikiri ni malaria. Nimemwambia kesho asije, kazi hii nimeshaielewa.